Pumzi Mbili Nyumbani kwa Stumai

Tuanze na hili ili tusizungushane: Mwantumu alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kununa nusu saa, mtu akibembelezwa kidogo akasahau. Wake ulikuwa umehamia kifuani, unaamka naye alfajiri, unamsindikiza kazini na kurudi naye jioni. Na kazi yake, kwa bahati mbaya ya watu watatu, ilikuwa kukaa kwenye dawati la vioo katika mnara wa Kwemzizi, mahali ambapo mtu akitaka kuchungulia nyumba ya mwenzake hana haja hata ya kuinuka kitini.

Kwemzizi ni mji wa milimani, huko Usambara. Nyumba zake zimeng'ang'ania mteremko, na nyingine zimejificha nyuma ya majabali. Enzi za bibi yake Mwantumu, simu zilitumia mawimbi marefu yaliyopenya kuta bila hodi. Hayo yalishazimwa. Siku hizi simu, taa, milango na droni za dawa zote zinaishi kwa mawimbi mafupi mno, yenye kubeba mzigo mkubwa lakini yasiyo na ubavu. Yakikuta jiwe yanarudi, yakikuta majani yenye umande yanamezwa, yakifika kona ya paa yanapinda kidogo na kuchoka. Kwa hiyo majabali yamefungwa vioo vya mawimbi, mabamba ya kijivu yenye upana wa mlango, ambayo hulipokea wimbi la mnara na kulitupa bondeni, nyumba hadi nyumba. Mtu wa kuvigeuza vioo hivyo alikuwa Mwantumu, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa.

Kila asubuhi alipitia njia za nyumba mia nne na ushei, moja baada ya nyingine, kuona kama zimeamka salama. Kila nyumba ilikuwa na mstari wake kwenye skrini. Wimbi halifiki mlangoni likiwa moja: kipande kimekuja moja kwa moja, kipande kimegonga jabali kwanza, kingine kimezunguka paa la msikiti, na vyote vinakutana hapo kwa kupishana kidogo, vingine vikisaidiana, vingine vikiuana. Kitu kikisogea ndani ya nyumba, hata kwa upana wa ukucha, mkutano ule unavurugika na mstari unatetemeka. Paka akipita unatetemeka. Mtu akipumua, kifua kinapanda na kushuka, na mstari nao unapanda na kushuka pamoja naye.

Ndiyo maana watu wa dawati wana kiapo. Unaapa siku ya kwanza, mkono juu ya skrini, kwamba utautazama mstari kama mstari, hutatafuta mtu ndani yake. Ukipita unapita, kama anayepita mbele ya bafu la jirani. Aliyekuwa akiwaapisha wageni wote wa kazi ni Mwantumu mwenyewe, tena kwa ukali.

Sasa, Jumatano hiyo ilikuwa siku yake. Mumewe, Singano, fundi wa matangi ya maji, alikuwa na wake wawili: Mwantumu, aliyemzalia mabinti wawili ambao sasa wanajitegemea mjini Tanga, na Stumai, aliyeolewa miaka mitatu nyuma. Singano alikwenda kwa zamu, siku mbili huku, siku mbili kule, na Jumanne na Jumatano ya wiki hiyo zilikuwa za Mwantumu bila mjadala. Lakini alfajiri hiyo Singano aligugumia chai akiwa amesimama, akasema anawahi kilimani kumalizia tangi jipya, akatoka. Alivaa shati la bluu. Mwantumu alilijua shati lile. Lilipigwa pasi na Stumai, kwa sababu Stumai ana mtindo wake wa kuukunja mkono mara mbili na kuutia mstari mkali. Mwantumu alijiuliza, fundi wa kuchomelea vyuma anavaa shati la pasi aende nalo wapi? Akalitafuna swali hilo njia nzima, na alipofika kazini lilikuwa bado liko mdomoni.

Saa tatu na nusu akafika kwenye mstari wa nyumba ya Stumai. Angepita. Alikuwa amepita siku zote, na naomba muiweke hiyo upande wake, maana siku elfu moja na zaidi mtu kumpita mke mwenzake si jambo dogo. Siku hiyo mkono uligoma. Akaukuza mstari mpaka ukajaza skrini.

Pumzi zilikuwa mbili. Moja ya haraka, ya mtu asiyetulia. Ya pili nyuma yake kidogo, hafifu kuliko ile ya kwanza lakini ipo, haina ubishi. Stumai anaishi peke yake siku ambazo si zake. Mama yake yuko Korogwe, ndugu hana hapa. Watu wawili, chumba kimoja, saa tatu asubuhi, wanapumua haraka haraka. Mwantumu hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Akampigia Singano. Hapatikani. Akapiga tena, na tena. Mashine ikamjibu kwa adabu ileile kwamba mteja hapatikani, na kila ilipojibu damu ilimchemka zaidi. Kumbe ndio mchezo wao, akawaza. Chai ya kugugumia, shati la pasi, simu imezimwa, na mimi mjinga nilipika wali wa nazi jana nikamtilia na mbaazi. Roho ilimuuma hadi akahisi ladha ya chuma mdomoni. Akayaona mambo yote aliyokuwa akiyameza kwa miaka mitatu: kicheko cha Stumai kinachosikika mpaka barabarani, mikono yake isiyo na makovu ya jikoni, jinsi Singano alivyosema siku moja, bila kufikiri, kwamba chai ya kule ina tangawizi ya kiasi. Ya kiasi. Kwa hiyo yangu imezidi.

Nyumba ya Stumai iko nyuma ya jabali, haioni mnara kabisa. Inapata mtandao kutoka kioo kimoja tu, namba kumi na nne, na kioo hicho hakihudumii mwingine. Mwantumu akakigeuza kando, nyuzi kumi na moja, wimbi likaenda kupotelea msituni. Mtambo ukamuuliza sababu. Akaandika: usafi wa kioo. Vioo vya milimani huota ukungu wa kijani na huoshwa mara kwa mara, na kioo kinachooshwa hugeuzwa kando ili wimbi lisimchome mwoshaji. Uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba saa nane kamili kila siku mtambo hurudisha vioo vyote mahali pavyo wenyewe na kufuta maelezo ya usafi. Nani anataka kujua bamba lilioshwa lini?

Basi wakae gizani, akasema moyoni. Bila simu, bila muziki, bila mtandao wa kuchekea. Akajimiminia chai, akainywa polepole, na lazima niseme ukweli, ilikuwa tamu. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

*

Saa saba bwana mkubwa wa mnara, Bwana Kilua, aliingia akipepea karatasi. Ni mtu mpole, mwenye tumbo na kikohozi cha kudumu, asiyependa makuu. Alisema msimamizi wa maji amelalamika kwamba mafundi wake tangu asubuhi wako ndani ya lile tangi wanachomelea, na simu zao hazishiki kabisa. Anaomba dawati liweke kioo kidogo mdomoni mwa tangi. Wakaguzi wa wilaya walikuwa wamefika na hakuna aliyeweza kumwita hata mtu mmoja. Ilibidi wamgongee Singano kwa nyundo, Bwana Kilua alisema akicheka, ndipo fundi huyo akatokeza kichwa na shati lake zuri chini ya ovaroli.

Mwantumu aliuliza tangi lenyewe liko wapi hasa. Bwana Kilua alishangaa kidogo. Taarifa ilikuja juzi, akasema, si uliwekewa mezani? Tangi la chuma, lita laki mbili, limesimamishwa jana mchana juu ya kilima, mkabala na nyumba iliyo nyuma ya jabali.

Taarifa ilikuwapo. Ilikuwa chini ya kikombe chake. Alipaswa kulichora tangi kwenye ramani ya mawimbi jana kabla ya kutoka, lakini jana ilikuwa Jumanne, akaondoka saa tisa kwenda kuuwahi ule wali wa nazi.

Bwana Kilua alipokwenda zake, Mwantumu alikaa akitazama mbele. Kulikuwa na somo moja alilowapa wageni wa kazi, na siku zote liliwachekesha: chuma kipya kikisimama mkabala na nyumba, mtu mmoja ataonekana wawili. Wimbi linalotoka kwake linakuja kwa njia yake ya kawaida, halafu jingine linakwenda kugonga chuma kile na kuja kwa kuchelewa, likiwa limepungua nguvu. Usipokichora chuma kwenye ramani, mtambo unakuhesabia watu wawili. Alishasema maneno hayo mara ngapi? Mtoto wa wiki moja kazini asingekosea.

Akaufungua tena mstari wa Stumai. Kioo kilikuwa kando, simu isingeweza kushika, lakini masalio ya wimbi yaliyopinda kwenye ukingo wa jabali yalitosha kwa jicho lake. Pumzi mbili. Ya kwanza ikashuka, na ya pili ikashuka baada ya kufumba na kufumbua. Ya kwanza ikakwama, ya pili ikakwama. Ya kwanza ikaruka mara tatu, kama mtu anayekohoa, ya pili ikaruka mara tatu. Hakuna watu wawili duniani wanaopumua hivyo.

Alikuwa mtu mmoja. Singano alikuwa ndani ya pipa la chuma, mahali ambapo wimbi haliingii hata kwa dawa, akichomelea, kama alivyosema. Na furaha ilimjaa Mwantumu kifuani, naapa, furaha tele kwamba mumewe hakumdanganya, na ilikaa pale kwa muda mzuri kabla hajaelewa kile kingine alichokuwa akikitazama.

Stumai ana pumu. Kila mtu anajua. Pumzi za haraka za saa tatu na nusu hazikuwa za mapenzi. Sasa hazikuwa za haraka tena. Zilikuwa fupi, zenye mapengo, na kila pengo lilizidi lililotangulia.

*

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na nne.

Njia ya miguu kutoka mnarani hadi nyuma ya jabali ni dakika arobaini kwa mtu mwenye mbio. Droni ya zahanati ingefika kwa dakika nne ikiwa na dawa na hewa, lakini droni haiingii penye kivuli. Pasipo na wimbi haijui ilipo, inageuza na kurudi. Kwa hiyo kioo namba kumi na nne lazima kirudishwe. Na kioo kikirudishwa kwa mkono kabla ya saa nane, mtambo unadai sababu ya dharura na alama ya kidole, na unaandika yote mahali pasipofutika: kiligeuzwa na nani, saa ngapi, na mwoshaji alikuwa nani. Mwoshaji hakuwapo. Hilo ni kosa la kufukuzwa kazi, na kuchungulia nyumba ya mtu ni kosa la mahakamani.

Akisubiri, mtambo ungerudisha kioo wenyewe na kufuta kila kitu. Dakika arobaini na sita. Watu wa pumu hukaa hivyo saa nyingi, alijiambia. Labda amelala. Labda pampu yake ya dawa anayo mkononi na ananitisha bure. Na kule chini kabisa, mahali ambapo mtu hapaonyeshi hata kwa Mungu wake bila haya, kulikuwa na wazo jingine. Kwamba hakumfanya Stumai augue. Kwamba haya yangetokea tu, kioo au hapana kioo, na Jumanne, Jumatano, Alhamisi na siku zote zingerudi kuwa zake kama zamani. Wazo hilo halikupiga kelele. Lilikaa kitako kama mgeni aliyezoea nyumba, na Mwantumu hakulifukuza. Alilitazama. Alilitazama huku pengo moja likipita, na jingine, na saa ya ukutani ikisogea.

Halafu pengo moja halikuisha. Mstari ulilala, wa kwanza na wa pili, bapa, na Mwantumu akajikuta yeye mwenyewe amebana pumzi. Alihesabu hadi kumi na tisa. Mstari ukaruka kidogo.

Akabonyeza kidole chake kwenye skrini. Kioo kikageuka.

Mhudumu wa zahanati alipokea mara moja. Mwantumu akamwambia nyumba, akamwambia pumu, akamwambia rusha droni sasa hivi na mtu afuate kwa pikipiki. Mhudumu, akiandika, akauliza taarifa imetoka wapi, dawati limejuaje. Mwantumu akasema mgonjwa amepiga simu dawatini mwenyewe. Neno lilitoka jepesi, wala hakulifikiria.

*

Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye benchi la zahanati. Stumai alikuwa hai. Daktari alisema ingekuwa nusu saa zaidi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Singano alifika na masizi usoni na lile shati la bluu limelowa jasho, akamshika Mwantumu mikono yote miwili mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya ndoa. Alimwita mama Semeni, kwa jina la binti yao, akamwambia Mungu amlipe. Kisha akaingia chumbani kwa mgonjwa, na kupitia mlango Mwantumu akamwona amekaa ukingoni mwa kitanda akimsugua Stumai nyayo zipate moto. Mnafikiri wivu ulikuwa umekufa? Uliinuka palepale, mzima, na ukauma kama jana. Alitamani nyayo zile ziwe zake.

Bwana Kilua naye alikuja. Alikaa pembeni yake, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameona maandishi ya mtambo. Kioo kilikuwa kinaoshwa, sivyo? Na mgonjwa akafanikiwa kupiga kwa masalio ya wimbi, na wewe ukawa macho ukalinasa hilo. Mtu wa kawaida asingelinasa. Ataandika hivyo. Jina la mwoshaji litatafutwa, wale vibarua wanabadilika kila wiki. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo, na Mwantumu akaelewa kwamba mzee huyu anajua nusu ya mambo na hataki nusu nyingine. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Akaitikia.

Singano alipotoka kutafuta chai, Stumai aliomba aongee na dada yake, maana ndivyo alivyomwita mke mwenzake. Mwantumu akaingia, akakaa kwenye kiti, si kitandani. Stumai aliivuta barakoa ya hewa chini ya kidevu. Bila kicheko chake alionekana mtoto.

"Dada, wanasema nilikupigia," alisema.

Mwantumu alijibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

"Sikukupigia. Nilijaribu. Pampu iliisha asubuhi, nikataka kuagiza nyingine, mtandao ukakatika. Nikakutafuta wewe kabla ya Singano, maana nilijua yuko ndani ya tangi, hapatikani." Alipumzika akavuta hewa. "Simu haikutoka hata moja. Sasa ulijuaje?"

Swali lilikuwa la kweli. Halikuwa na mtego wowote, na hilo lilimsumbua Mwantumu kuliko kama lingekuwa na mtego. Angeweza kusema ukungu. Angeweza kusema masalio ya wimbi, maneno ya kitaalamu, na Stumai angeitikia kama watu wote wanavyoitikia wanapoambiwa maneno ya kitaalamu. Bwana Kilua alikuwa ameshaandika.

"Nilikuwa nakuchungulia," alisema. "Niliona pumzi mbili nikadhani yuko kwako siku yangu. Nikakuzimia njia. Haukukatika mtandao, niliukata mimi."

Stumai hakulia wala hakufoka. Aliangalia dari, akaweka barakoa, akavuta mara mbili, akaitoa.

"Na ulipoona nakufa," aliuliza, "ulifungua palepale?"

Hapo ndipo Mwantumu alipoona kwamba alikuwa amebakiza kitu. Alikuwa ameungama kile ambacho mtu anaweza kusamehewa, wivu wa mke, hasira ya asubuhi, na kile kingine alikuwa amekificha tayari, bila hata kujiuliza. Saa ya ukutani aliiona vizuri alipobonyeza kidole. Hakuhitaji kwenda kuitafuta kwenye mtambo.

"Hapana," alisema. "Nilikaa kwanza. Dakika kumi na moja."

Stumai aligeuza uso ukutani, na mgongo wake ukawa unapanda na kushuka chini ya shuka, polepole. Mwantumu alikuwa ameshainuka aondoke aliposikia sauti.

"Kamwite," Stumai alisema kule ukutani. "Umwambie wewe. Nikiwapo."

Mwantumu akaenda mlangoni. Singano alikuwa anakuja kwenye varanda, anatembea kwa uangalifu ili asimwage, na vikombe viwili vya chai mkononi, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha mke wake mkubwa aliyeokoa maisha. Alikuwa anatabasamu. Mwantumu akamwambia aviweke chini kwanza.